Picha ya Kichwa cha Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale wapwa zangu wawili wasiojua kukaa kitako. Sisi huku tunaendelea vizuri, ila nina jambo, na ndilo lililonikalisha chini kuandika ilhali simu ninayo mfukoni. Kwenye simu ningekwepa. Najijua, na wewe unanijua zaidi.

Kazini bado niko palepale, chumba cha chini cha chuo cha udaktari, kati ya ndoo zenye mifuniko na ile harufu ya dawa isiyotoka kwenye nywele hata uoge mara tatu. Kazi ni ileile: kutoa bongo kwenye dawa, kuziosha, kuzikata vipande vya unene wa kidole na kuvipanga kwenye sinia kabla wanafunzi hawajaingia. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Ubongo ukiushika, dada, hauna majivuno hata kidogo, kilo moja na kitu hivi. Mwaka mmoja tuliletewa mwili wa mwalimu wa hesabu aliyeusia wanafunzi wausomee. Ubongo wake niliukata taratibu kuliko zote, maana nilikuwa natafuta. Nilitaka kuona jedwali la kuzidisha linakaa wapi. Sikuona kitu ila mikunjo. Profesa wetu tunamwita Miwani, kwa kuwa huwa na miwani mbili, moja machoni na moja kichwani akiitafuta. Nilimwuliza mawazo yanatokaje kwenye kitu kama kile, akacheka, akasema hata yeye angependa kujua, kisha akaniomba sinia.

Sasa mtu ukishika vitu hivyo kila siku unaanza kujiona unajua. Hapo ndipo nilipoharibu.

Mama alipopata kiharusi, daktari alinipa picha ya kichwa chake, nikaiinua dirishani. Upande wa kushoto palikuwa na doa kubwa, sehemu ambayo nimeikata mara mamia, ambayo Miwani huwafundisha wanafunzi kwamba ndipo maneno yanapotengenezwa. Daktari alisema tusubiri, kila mgonjwa ana lake. Mimi sikusubiri. Nilikupigia nikakwambia, kwa sauti ya kitaalamu niliyoiazima sijui kwa nani, kwamba mama amekwenda, kilichobaki ni mwili, na usihangaike kusafiri kwani hatakujua. Ulilia, ukanikubalia, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kazi ya vichwa.

Kumtunza nilimtunza, hilo sitajinyima. Nilimlisha, nilimgeuza, nilimbadilishia shuka. Ila sikumsemesha. Wageni wakija nilimzungumzia mbele yake kama mtu aliyesafiri. Jirani aliniuliza kama mama anasikia, nikamjibu palepale kitandani kwamba tofauti yake na vilivyomo kwenye ndoo zangu ni joto tu. Nikajiona nimesema la maana. Nikikumbuka sasa, natamani ardhi inimeze.

Wiki tatu zilizopita alianza kuja muuguzi wa kumfanyisha mazoezi, mwanamke mmoja mnene mwenye maneno mengi. Siku ya kwanza tu, alipomwinamia, mama alishika pindo la gauni lake la kazi kwa mkono wa kushoto, akawa analivuta. Niliomba radhi, nikasema ni mishipa inajivuta yenyewe. Muuguzi akaniambia ninyamaze. Dada, mama alikuwa anafumua uzi. Pindo lilishonwa ovyo, mshono umepinda, na mama, aliyekuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, alikuwa anaufumua tundu baada ya tundu, uso ameukunja kama alivyokuwa akitukunjia sisi tukitaka kwenda shule na kifungo kinaning'inia. Muuguzi alimwuliza kama kazi ile ni mbaya. Mama akaitikia kwa kichwa. Akamwuliza kama ana watoto, akaitikia. Akamwuliza kama huyu aliyesimama hapa ni mwanawe. Mama alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kuitikia.

Kumbe miezi yote mitano alikuwamo. Kilichokatika ni kusema tu. Mimi nilidhani pasipo na maneno hapana mtu, na hakuna aliyenifundisha hivyo, nilijifundisha mwenyewe.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Kila Jumapili unapiga na kuniomba nimwekee mama simu sikioni, hata kama hasikii, ili wewe utue moyo. Sikumwekea hata mara moja. Niliona nitachosha mkono bure. Nilikuwa nailaza simu kifudifudi kwenye meza ya kando ya kitanda, naendelea kukunja nguo, halafu nakwambia amesikiliza, ametulia. Siku uliyomweleza kwamba mwanao mkubwa ameanza kusoma, ulikuwa unaiambia meza. Siku uliyolia ukimwomba msamaha kwa yale mliyogombana kabla hujaolewa, uliiambia meza. Vipande nilivisikia mimi. Mama alisikia mvumo wa sauti yako tu, hatua moja kutoka kwake, na hakuweza kuniambia niilete.

Jumapili iliyopita nilitaka kurekebisha kimyakimya. Nilimsogezea simu sikioni. Akaichukua kwa mkono wake mzima, akailaza mezani, kifudifudi, palepale nilipokuwa nikiilaza, akanitazama. Wewe ulikuwa bado unaongea. Nikaikata. Ule mtandao mbaya niliousingizia haukuwapo.

Siombi unisamehe leo. Nikasirikie kadiri upendavyo, ila ukipiga usipoteze muda na mimi, omba mama. Ukiweza kuja, njoo.

Nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga. Nilipofika penye habari ya meza nilimwuliza kama nipafute, akatikisa kichwa kukataa. Kisha nikamwuliza angependa uanzie wapi kumsimulia upya, nikamtajia moja moja yale niliyoyasikia: mtoto na masomo yake, nyumba mliyohamia, shemeji na kazi mpya. Yote aliyapungia mkono yapite. Nilipotaja ule msamaha, akanishika mkono na kuitikia kabla sijamaliza, na hakuacha kuitikia.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu uwaambie mjomba anawakumbuka. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako, mwenye haya usoni.