Bosi Analazwa Chali

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na mzee unayemuuguza huko kazini hajambo? Sisi tupo, ila moyo haujatulia. Juzi nilikuwa kwenye cherehani napinda suruali za shule, mjukuu wako Bosi kalala kando. Nikageuka: midomo ya bluu, mwili umelegea, hapumui! Nikapiga yowe, nikamnyanyua, akavuta pumzi, akaanza kulia. Sijawahi kukifurahia kilio chake hivyo. Hospitali wametulaza. Wanasema huenda ni maziwa yanayopanda, au degedege, au kifaduro, au moyo. Wanapima kimoja kimoja.

Tuombee.
Mwanao

11 Machi

Mwanangu kipenzi,

Barua yako nimeifungua nimesimama, nikajikuta nimekaa. Huyo Bosi hata shingo haijakaza, anataka kutuua kwa nini? Mlaze kifudifudi, mama, maziwa yasimpalie. Wewe ndivyo nilivyokulaza, na tazama ulivyo na mdomo leo. Niliomba ruhusa nije. Mwenye nyumba kasema baba yake hawezi kuachwa. Basi niko hapa, nalipwa kusikiliza pumzi za mzee wa watu. Nijibu upesi.

Mama yako

2 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo? Mbona kimya? Kila mtu akibisha hodi namwacha mzee nakimbilia mlango. Hata kama habari ni mbaya, niandikie. Leo nimemlisha mzee uji wa moto, kaungua yeye, nikalia mimi.

Mama

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Bosi yupo, anapumua. Hayo ya kifudifudi nilimwambia nesi, nusura anichape: "Chali! Kila akilala, chali!" Nikakutaja wewe, usininunie.

Vipimo vyote vimetoka safi. Maziwa siyo, moyo siyo, kifaduro siyo, degedege siyo. Nikamuuliza daktari, basi ni nini? Akasema, "Mama, hatujui. Mara nyingi hairudi." Mara nyingi! Afadhali angenipa ugonjwa, niuchukie kwa jina lake.

Wametufundisha kumpulizia pumzi, wakaturudisha nyumbani. Cherehani nimeifunika, maana ikilia simsikii mtoto. Suruali za shule kapewa fundi mwingine.

Wewe ulikuwa unausifu mwandiko wangu. Leo umepinda, naona mwenyewe. Karatasi inateleza na sina mkono wa kuishika. Huo mwingine uko kifuani kwa mwanangu, unapanda, unashuka. Naogopa kuutoa.

Mwanao