Meza Inamtaka Mwenyewe

Jumatano

Na leo pia hakuja. Afisa wa manispaa alisema atapita wiki hii kukagua meza zetu za sokoni, siku hakutaja. Asiyekutwa pale, meza yake anapewa mtu mwingine. Tangu Jumatatu nimekaa pale na nyanya zangu kama mbuzi wa kamba. Hata chooni naenda mbio.

Neema aliamka na homa. Baba yake yuko zamu kiwandani, kule mtaa wa Jacobs, kwa hiyo nilimlaza chini ya meza juu ya maboksi. Kila mteja akiondoka, nainama namgusa shingo. Maman Béa, Mkongo wa meza ya pili, akashindwa kuvumilia.

"Wee Mama Neema, mtoto iko moto hivi, unapanga nyanya? Lete, nimupeleke kliniki. Mie walishanikagua."

Jioni akarudi naye vilevile, hajatibiwa. "Eish! Wanasema mama mwenyewe ndiye aende."

Nikacheka, kicheko kibaya. Manispaa wanamtaka mwenyewe, kliniki wanamtaka mwenyewe. Mwenyewe niko mmoja tu.

Sasa amelala, nimemkanda kwa maji, homa imeshuka kidogo. Meza ile ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo maziwa yake, ndiyo...

Hapana. Kesho asubuhi namfunga mgongoni, tunaenda. Nilishamwambia Maman Béa akae kwenye meza yangu, afisa akija aseme ukweli, kwamba nimempeleka mtoto.

"Afisa atakubali?" nilimuuliza.

Alianza kunisaidia kufunga nyanya.