Mwanakondoo Niliyemwogesha

Jumanne, Buhongwa

Nani alinituma kumwogesha? Mwanakondoo kazaliwa alfajiri kwenye tope, nami na usafi wangu wa mjini nikamsugua kwa sabuni mpaka akanukia. Mama yake alimnusa mara moja tu, akamsukuma kwa kichwa. Kila akitaka kunyonya, anasukumwa.

Mchana mama mkwe akarudi kutoka shambani. Nikamwamkia nikingoja kugombezwa. Akamnusa mwanakondoo, akaniangalia, akaomba chumvi na maji kidogo. Alimpaka mwili mzima taratibu, akamsogeza kwa mama yake. Kondoo akalamba chumvi, akalamba tena, mwisho akasimama akamnyonyesha. Mikono ile!

"Mama, haya ulizaliwa unayajua?"

"Mwanakondoo wangu wa kwanza nilimwogesha hivihivi," akasema. "Yule alikufa."