Mama, Nimebadilisha Dishi la Baba

Mama, shikamoo.

Nimeandika neno hilo kisha nikatega sikio, kama vile ningekusikia ukiitikia kutoka jikoni. Hakuna kitu. Kuku tu wanaparura. Nimekaa kwenye mlango wa uani, naandikia gotini, kwa hiyo usishangae mistari ikipinda.

Nakuandikia kwa sababu sina mtu mwingine wa kumuuliza. Nimefanya jambo kubwa humu nyumbani mwako na wewe haupo. Sijui kama nimemsaidia Baba au nimemmalizia.

Tangu siku ile ulipoanguka kwenye mlima wa kisimani na ndoo yako ya maji, wakakuleta nyumbani umebebwa kwenye kitanda cha kamba, na alasiri haijaisha ukawa umekwenda, mimi sijarudi Masasi. Mume wangu na watoto wamebaki peke yao kule nyumbani kwetu Mkomaindo. Nilisema nitakaa mpaka arobaini. Arobaini imepita. Ningemwacha na nani? Baba hatembei tena mpaka barazani. Hataki kunyolewa. Nikimwekea ugali na kisamvu anautafuta kwa vidole, anamega tonge moja, analishika mpaka linapoa. Nilimchemshia ming'oko, ile mizizi ya porini anayoipenda, akaniuliza, "Mama yako ameshakula?" Kisha akakumbuka. Mama, uso wake alipokumbuka! Sitaki kuuona tena uso ule.

Kitu kimoja tu alikuwa anakiomba: televisheni yake.

Unakumbuka lilivyokuja lile dishi? Soko huria lilikuwa limeingia, Baba ameacha kazi ya ghala la ushirika, amekuwa wakala wa wanunuzi binafsi, korosho zimejaa mpaka chumba cha wageni. Akatoka Masasi juu ya lori, amelikumbatia dishi vipande vipande kama mtu aliyebeba mgonjwa. Lilipofungwa likawa pana kuliko paa la jiko lako. Watu walitoka mpaka Mnyambe kuja kulitazama. Wewe ukanuna, ukasema limekula nafasi ya kuanikia muhogo. Kwa Kiswahili halikunasa hata neno. Lilinasa Waarabu, Wahindi, na wale watu wanaozungumza kama wana mafua, Baba akasema ni Wafaransa. Hakuna aliyejali. Picha zilitosha.

Halafu macho ya Baba yakaanza kufunga. Wengine wakasema ni salfa inayopulizwa kwenye mikorosho, hospitali wakasema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Biashara ikafa, wanunuzi wakatafuta wakala anayeona mizani. Nilidhani na televisheni itauzwa. Wewe ndiye uliyekataa. Ulivuta mkeka ukakaa miguuni pake, jenereta ikawashwa, ukaanza kumsimulia.

Nilikuwa nikija likizo na watoto nakusikia. "Baba Somoe, leo kuna mkutano wa wakubwa. Mmoja mnene, kavaa kofia kama kifuniko cha sufuria, anasinzia." Baba anacheka mpaka anakohoa. "Na huyu mwanamke analia nini?" "Halii, anaimba. Wanamwoza binti yake." Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne nilikuwa nakutazama tu. Ulikuwa hujui Kiarabu cha pale, hujui Kifaransa, hujui lolote, na kila jioni ulikuwa na habari mpya. Niliwahi kukuuliza jikoni ulikokuwa unazitoa. Ukasema, "Mwanangu, wewe pepeta mchele."

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Baada ya arobaini niliiwasha. Zikaja chenga, Mama, chenga na mvumo. Nikazungusha dishi, nikafuta waya kwa kanga, wapi. Nikamwita fundi Benedikto kutoka Masasi, yule aliyelifunga mara ya kwanza, sasa ana mvi. Alipanda, akashuka, akatikisa kichwa. Akaniambia mitambo ya huko angani imebadilika, imekwenda dijitali, risiva yetu ya zamani haina inachokisikia. Akasema, "Dada Somoe, hapa mambo mawili. Ubadilishe kila kitu, dishi dogo, dekoda mpya na kadi ya kulipia, upate mpaka chaneli za Kiswahili. Au hili kubwa ulipindue, livune maji ya mvua."

Nikamwambia aniache nifikiri.

Nilifikiri mpaka kichwa kikaniuma. Baba mdogo Athumani alikuja, akasimama hapa hapa mlangoni nilipo. "Kipofu anataka televisheni ya nini? Mnunulie redio." Nikamwambia redio ipo, Baba amenirudishia mkononi, anasema redio haina mtu. Baba mdogo akaniona nimechanganyikiwa kwa msiba. Labda. Maana Baba alikuwa anataka niiwashe hivyo hivyo na chenga zake. Anakaa mbele yake, kichwa kimeinama upande, anasikiliza ule mvumo. Nikimuuliza anasikiliza nini, ananiambia ninyamaze. Mgongo wake umebaki mifupa. Nilimtazama vile, nikajua kabisa kwamba tutamzika kabla ya korosho kuanza kudondoka.

Nami nilijaribu kukaa kwenye mkeka wako, Mama. Nikatazama zile chenga, nikasema, "Baba, naona wakubwa wanakutana." Hata sauti haikumaliza kutoka. Baba akanipapasa kichwani akasema, "Acha, mama."

Jioni ile nikakata shauri. Nikajiambia, akisikia Kiswahili, habari za kweli, watu wa nchi yake, atashtuka, atauliza, atabisha kama zamani alipokuwa anabishana na wanunuzi. Atakula. Nilikuwa na cherehani yangu kule Mkomaindo, ile uliyonisaidia kuinunua ulipouza mbuzi. Fundi Benedikto aliichukua hiyo kuwa malipo yake. Mume wangu alipopata habari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Fundi akaja na dishi jipya, dogo kama ungo, akalipachika kwenye ukuta. Picha ikatoka safi, Mama, safi kama dirisha. Majirani wakajaa. Nilimwogesha Baba, nikamvalisha kanzu nyeupe, nikamketisha mbele. Moyo ulikuwa unanidunda kama bibi harusi. Taarifa ya habari ikaanza. Mtangazaji akasema habari za jioni, Baba akaitikia, "Nzuri!" Watu wakacheka, mimi nikajificha nyuma ya pazia nikalia kwa furaha.

Furaha ile haikufika mbali. Mtangazaji alianza na basi lililopinduka, akataja waliokufa na walikotoka. Akaja na vita vya nchi jirani, milio ya bunduki na wanawake wanapiga kelele, na yeye anaeleza wameuawa vipi, kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kukohoa. Baba akainua mkono. "Zima, Somoe."

Nikasema, "Baba, ndiyo habari yenyewe."

"Najua ni habari. Zima. Huyu hana huruma."

Nikazima. Majirani wakaondoka mmoja mmoja, wanaaga kwa sauti ya chini kama wanatoka msibani. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye dishi la zamani, nikalipiga kwa mwiko, nikalipiga, mwiko ukavunjika. Nilikukasirikia, Mama. Ndiyo, wewe. Kwa nini uliniachia mtu ambaye ni wewe tu unayejua kumtunza? Hata hukunionyesha.

Baba akaniita. Nilipoingia alikuwa anapapasa hewani ananitafuta. Akanikalisha, akaanza kusema, yeye ambaye tangu mazishi hakuwahi kukaa akazungumza.

"Unadhani sikuwa najua?" akasema. "Mimi ni mtoto wa mpakani. Wareno walipokuwa wanapigana ng'ambo ya Ruvuma tulikuwa tunalala mashimoni. Bunduki naijua kuliko jina langu. Bunduki inalia kwenye televisheni, mama yako ananiambia, ni harusi, Baba Somoe, wanalipua fataki. Mimi namuuliza, bibi harusi kavaa nini? Ananieleza mpaka viatu."

Akacheka. Kisha kile kicheko kikageuka kilio, nikatazama pembeni. Akasema alikuwa anauliza maswali magumu makusudi, akusikie unavyohangaika kutafuta jibu. Akasema hakuwa anaisikiliza televisheni hata siku moja. Alikuwa anakusikiliza wewe.

Mama, ulijua kwamba alikuwa anajua? Nijibu hilo tu. Au nyote wawili mlikuwa mnajua, na mimi na kidato changu cha nne ndiye mjinga niliyebaki nje?

Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Cherehani imekwenda, na dekoda ipo pale imefunikwa kitambaa. Jumamosi vijana wanakuja kuangalia mpira, Baba anakubali, anakaa katikati yao kwa sababu wanapiga kelele na ile kelele inamfaa. Bao likifungwa kuna anayemshika bega. Siku nyingine haiwashwi. Nilimwomba twende Mkomaindo akakae nasi, karibu na hospitali, wajukuu wamchezee. Akasema, "Na mama yako abaki hapa Mkunya na nani?" Mume wangu ametuma salamu tena jana, anauliza narudi lini. Nimechanika katikati, huku ni mume na watoto, huku ni huyu mzee anayepungua mbele ya macho yangu, na nikiamka asubuhi kitu cha kwanza ninachofanya ni kusimama mlangoni pake nisikilize kama anapumua.

Lakini anazungumza, Mama. Hilo nisikufiche. Tangu ile jioni ananisimulia habari zako ulizokuwa unamsimulia. Jana ilikuwa ya mfalme wa Waarabu aliyepotelewa na ngamia akawafungia mawaziri wote. Alipofika katikati akasahau, akasema ingekuwa wewe ungeshapata mwisho wake. Mimi nikajaribu kutunga mwisho. Ulikuwa mbaya sana. Akasema, "Hujambo kidogo," akageukia ukutani.

Nakuaga, Mama, jua limeshageuka na maji ya kuoga sijamchotea. Nakuahidi sitamwacha hapa peke yake. Nitazungumza na mume wangu, watoto waje huku mpaka Mungu atakapoamua lingine. Nikishindwa kumrudishia nguvu, basi asikose sauti ya mtu wake mpaka mwisho. Na kaburi lako nitalipalilia, majani yameanza.

Nilikuwa nataka kuikunja barua hapa, ila Baba amesikia kalamu. Ameniuliza kutoka ndani ninamwandikia nani. Nikamwambia ukweli, ninakuandikia wewe. Nikasikia kitanda chake kikilia. Kisha akasema, "Msalimie. Mwambie nakula vizuri."

Basi nimekufikishia, Mama, kama alivyosema. Tangu jana asubuhi hajatia kitu mdomoni. Uji uko motoni, naenda kujaribu tena.

Mwanao,
Somoe