Goti la Gi-beom na Nguruwe Ambaye Hakuwepo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo mwanangu ameitwa kujieleza kwenye ofisi ya askari wa zamani, na akishindwa goti lake halitatibiwa, na aliyemponza ni mimi mama yake.

Mimi ni Mama Gi-beom, nauza pilipili kavu hapa Yeongyang, na sijisifu, ila mtaani kwetu hakuna mwenye mtoto kama wangu, mrefu, meno yamejipanga, jeshi alilimaliza akiwa sajini, na hata kama wenzake wote humaliza hivyo yeye cheo kilimkaa vizuri zaidi. Lakini alirudi na goti bovu. Sasa anapeleka vifurushi kwenye maghorofa, na akishuka ngazi anashuka kinyumenyume kama kaa, mkono ukutani, anacheka ili nisijue anaumia, na daktari amesema asipopasuliwa mwaka huu kazi hiyo aiage. Ndiyo maana ameomba kadi ya kutibiwa kwenye hospitali ya askari wa zamani.

Ukweli ni kwamba goti liliumia kwenye mpira. Alikuwa golikipa, walicheza na kikosi cha jirani, akaruka, akaangukia mlingoti wa goli. Sasa nitamwambiaje hivyo jirani yangu Mama Seok-gu? Tulikuwa bafu la mtaa, tunakooga akina mama wote pamoja, ananisugua mgongo, akasema, "Wangu alipewa kadi kwa mgongo alioumia akizoa theluji kambini. Wako je, goti lilipatwa na nini?" Nami nimelala kifudifudi, mvuke umenilegeza, nikajisikia nasema alipambana na nguruwe mwitu kwenye uzio wa mpakani.

Bafu zima wakageuka kuniangalia. Mshauri, ilikuwa raha.

"Nguruwe mkubwa kiasi gani?" akauliza.

"Kama friji la kuhifadhia kabichi ya kimchi."

"Langu au lako?"

"Lako, lile la milango miwili."

Wiki iliyofuata akina mama wakatundika bango la kitambaa njia panda, palepale yanapotundikwa ya waliofaulu vyuo vikuu: SAJINI PYO GI-BEOM, ALIYEMSHINDA NGURUWE MWITU, FAHARI YA MTAA WETU. Nililia kwa furaha, Gi-beom akawa anapita njia ya nyuma. Na niliposikia ofisi inataka ushahidi wa goti lilivyoumia, nikaona hapa mama asikae kimya, nikaenda na akina mama watatu wakathibitishe, na Mama Seok-gu akaapa ameona alama za meno, yeye ambaye goti lenyewe hajawahi kuliona.

Yule kijana wa ofisini ni mpole, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, nani alimtuma apambane na nguruwe?"

"Nani amtume? Alijituma. Ndivyo nilivyomlea."

"Alikuwa zamu?"

"Alikuwa amelala, akasikia mkoromo nje, akatoka."

"Akatoka bila ruhusa."

"Akatoka kwa kuipenda nchi."

Akaweka kalamu chini. "Mwanao mwenyewe ametuambia aliumia kwenye mpira. Sasa tumwamini nani? Na nimepita njia panda leo, bango nimeliona." Basi ombi limesimamishwa.

Gi-beom hakunifokea, na afadhali angefoka. Alisema tu, "Mama, mpira ungetosha. Kapteni ndiye aliyetupanga tucheze, aliyekataa alisugua vyoo. Na ule mpira niliudaka."

Nikamwambia, "Mwanangu, nani atatundika bango kwa ajili ya golikipa?" Akavaa viatu, akaenda kazini.

Sasa mshauri, hii ni haki kweli, anayecheza mpira atibiwe, anayepambana na nguruwe aachwe? Najua nguruwe hakuwepo, nauliza tu. Na nikisema ukweli, nitaoga wapi mimi?

Mama Gi-beom, Yeongyang

JIBU

Mama Gi-beom, pole kwa goti la mwanao. Kwa huyo nguruwe sikupi pole.

Umeuliza kuhusu haki, nisikilize. Pale ofisini hawatafuti shujaa. Wanauliza jambo moja: jeshi lilikutuma, ukaumia ukiwa umetumwa? Mtoto wa Mama Seok-gu alitumwa kwenye theluji. Wako alitumwa golini na kapteni wake. Lakini kwa hadithi yako, alitoroka kitandani akagombane na mnyama. Mwanao alikuwa na haki yake mkononi, wewe ukamnyang'anya ukampa sifa ambayo hakuiomba. Na nyuma yake kwenye foleni kuna vijana wengine wenye magoti. Yule kijana mpole akishadanganywa na nguruwe mmoja, atakayefuata atahojiwa mpaka akome, hata kama anasema kweli.

Nakuelewa, mimi pia nina wa kiume, na bafuni nami nimewahi kuongeza chumvi. Ila yangu haikutundikwa njia panda.

Kesho asubuhi lishushe lile bango wewe mwenyewe, usimtume mtu. Kisha nenda bafuni, subiri wote wawe na sabuni mwilini ili asiondoke hata mmoja, uwaambie. Watakucheka sana. Mama Seok-gu atacheka kidogo, maana ana alama za meno za kueleza. Utaoga palepale, na mgongo watakusugua, labda kwa nguvu zaidi. Gi-beom naye ampigie kapteni wake, na yule aliyepiga ule mpira, waje Alhamisi waseme mchezo uliamriwa na nani. Wewe nenda ukamwombe radhi kijana wa ofisini, umwambie nguruwe ulimzaa wewe, halafu toka ukakae kwenye benchi nje. Nimesema nje, Mama Gi-beom.

Na lingine. Mwanao amekwambia ule mpira aliudaka, nawe ukapita kama hukusikia. Mtoto amegonga mlingoti, goti limekwisha, mpira hakuuachia, wewe unahangaika na friji la milango miwili. Upande wa nyuma wa lile bango ni mweupe. Ligeuze, tafuta rangi, uandike: GOLIKIPA PYO GI-BEOM, ALIUDAKA. Halafu litundike palepale lilipokuwa.