Filta ya Gari Letu

Jumatatu, 14 Julai
Vurra, mpakani, na kurudi. Mvua njia nzima. Vitenge vyangu vya kuuza havikulowa, alhamdulillahi. Nilipofika nyumbani nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili, kama alivyokuwa akifanya marehemu mume wetu kila safari. Oili nyeusi tii.

Hawa huyo. Wiki mbili gari liko kwangu Arua, wiki mbili liko kwake Koboko, na mke mwenzangu anajua kukanyaga mafuta tu. Anabeba mabibi harusi, anapigiwa vigelegele, basi. Kutunza ni kazi ya nani? Nimeudhika hadi chai imenishinda.

Jumanne, 15 Julai
Shemeji Abdallah, ndugu wa marehemu, amepiga simu. Jumamosi anatutaka kwake Koboko, mimi na Hawa. Anasema gari la wajane wawili halina mwenyewe. Ama apewe mmoja, ama liuzwe.

Likiuzwa, biashara yangu imekwisha. Akipewa mmoja, kwa nini nisiwe mimi? Nililijua gari hili kabla ya kumjua Hawa.

Nimeamua. Nitabadilisha oili na filta. Ile filta chafu nitaipasua, niwapelekee waione kwa macho yao. Na nitafanya mwenyewe. Musa, fundi wetu, ni kaka yake Hawa. Nikimpelekea gari asubuhi, Koboko wanajua kabla ya adhuhuri.

Jumatano, 16 Julai
Sokoni. Oili na filta. Muuzaji akauliza fundi wangu ni nani. Nikamwambia unaongea naye. Akacheka peke yake.

Jioni nimeangalia video kwenye simu. Kumbe ndani ya lile kopo ni karatasi tu, imekunjwa kunjwa. Oili inapita, uchafu unabaki. Karatasi ikijaa, oili inazunguka na uchafu wake na injini inajila yenyewe. Miaka yote nilimshikia marehemu tochi na sikuwahi kuuliza.

Alhamisi, 17 Julai
Siku mbaya.

Asubuhi ilianza vizuri. Magurudumu ya mbele juu ya ile saruji iliyoinuka, mawe nyuma ya magurudumu mengine. Nikafungua nati ya chini. Oili ya zamani ikaingia kwenye beseni. Jirani yangu Mama Candiru alishaiomba, ataipaka nguzo za nyumba yake mchwa wasizile. Filta ilitoka kwa kitambaa na matusi mengi.

Nikaipasua kwa msumeno wa chuma. Nilitarajia tope. Hakuna tope. Karatasi imeshika weusi kidogo, chembe ya chuma hata moja hamna. Halafu nikaona rangi ya kopo lake. Nyeupe. Marehemu alinunua za bluu siku zote, nyingine hakutaka hata kuishika. Kwa hiyo hii ameiweka nani? Swali hili silipendi.

Nikafunga filta mpya kwa mkono, kama walivyosema. Nikamimina oili mpya. Nikawasha. Ikamwagika chini kama bomba limepasuka. Nikazima mbio, lakini nyingi ilishakwenda. Mama Candiru akaja na beseni la pili, mwanamke yule hapotezi nafasi. Nililia. Kwa hasira, si kwa huzuni.

Ijumaa, 18 Julai
Nimekaza tena. Nikaongeza oili kidogo, nikajaribu. Bado inamwagika. Kesho ndiyo kikao, na nikienda Koboko bila gari shemeji atalipiga mnada hapo hapo.

Ni Musa au Hawa. Nimempigia Hawa. Nilijiandaa kuchekwa.

Aliuliza inamwagikia wapi. Kisha: "Mama Rehema, angalia kwa injini. Mpira ya filta ya zamani iko pale."

Nikajilaza chini, nikafungua filta, nikapitisha kidole. Ulikuwepo. Umeng'ang'ania pale pale, mweusi, na mimi nimeweka mwingine juu yake. Mipira miwili haishiki. Nikamuuliza amejuaje.

"Hata mimi ilinipata. Ile mara ya kwanza, nyuma ya eda. Oili yote ilimwaga. Niliogopa wewe utachukua gari, nikanyamaza."

Nikasema asante. La filta niliyopasua sikumwambia. Naona aibu.

Nimebandua ule mpira, nimefuta, nimepaka mpya oili, nimefunga. Oili nyingine tena. Nikawasha. Pakavu. Nilikaa chini nikaangalia pakavu muda mrefu.

Jumamosi, 19 Julai
Koboko. Gari limekimbia vizuri, halikutoa hata mlio.

Sebule ya shemeji. Akauliza gari hili linatunzwa na nani. Filta ilikuwa mkobani mwangu, imefungwa kwa gazeti. Hawa alikuwa ameinamisha kichwa. Niliona kucha zake. Zina weusi pembeni kama zangu za tangu juzi. Sikuwahi kuziangalia.

Nikasema, sisi wawili.

Shemeji hakuamini. Fundi ni nani? Hawa akainua kichwa: "Fundi iko wawili hapa, shemeji." Shemeji akatuuliza maswali ya oili. Hawa akajibu la kwake, mimi la kwangu. Mwisho akakuna ndevu na kuagiza chakula. Gari limebaki kwetu. Nilikula sana.

Jumapili, 20 Julai
Nimelala kwa Hawa. Chai ya tangawizi asubuhi. Zamu yake imeanza, mimi narudi kwa basi.

Aliingia chini ya gari, akapitisha kidole kuzunguka filta, akanionyesha kidole. Kikavu. Nikampa ufunguo.

Kisha nikatoa lile gazeti mkobani nikamwekea mezani. Akalifungua. Aliitambua filta yake, na akajua kwa nini nilikuja nayo kikaoni. Aliirudisha kwenye gazeti, akachukua kikombe changu, akaniongezea chai.