Anitha Alivyovaa Kiti Mbele ya Jumuiya

Jumapili, alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi hapa Bugarama, imekatika sasa hivi tu, na uani matope yanafika kwenye kifundo cha mguu. Nina furaha na nina aibu, sijui nianze na ipi.

Nianze na aibu.

Kesho narudi kufundisha. Anitha ana miezi tisa, na kuanzia kesho atashinda na bibi yake, mama mkwe wangu, mpaka nitoke shule. Nyonga ya Mama inamuuma siku nyingi sasa, na mwanangu ni mzito. Amechukua mwili wa kwetu Nyantakara, kwa Wasukuma. Kumpakata na kumlisha uji ni kama kumnywesha ndama dawa. Anarusha miguu, anapinda mgongo, anakamata kijiko, kisha anakupiga kichwa kidevuni. Mwezi uliopita nusura Mama aanguke naye kutoka kwenye kigoda. Nilishtuka sana. Nikaamua kutafuta kiti cha mtoto cha kulia.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa mume wangu, Deo, na ni ya kweli. Lakini hapa naandika yote, kwa hiyo niseme na ile nyingine. Niliona picha kwenye simu. Rafiki yangu wa chuo cha ualimu, yuko Mwanza, amemkalisha mwanawe kwenye kiti kirefu cheupe, mtoto ametulia kama mkurugenzi kwenye kikao. Nilikitaka kiti kile hata kabla sijajiuliza kitamfaa nani.

Jumamosi ya wiki iliyopita tukaenda Ngara mjini. Deo ni bwana shamba, na hanunui kitu asichokitikisa. Dukani tulikuta kiti kimoja cha plastiki, miguu mirefu myembamba, na mgongoni kina picha ya dubu aliyevaa miwani.

"Kitikise kwanza, Mama Anitha," Deo akasema. "Hiyo miguu imekaribiana."

Nikamwambia asinitie aibu, hatununui jembe. Dada wa dukani akasema ni cha kisasa na kimebaki hicho hicho.

Kimebaki hicho hicho! Akili yangu ikaishia hapo.

Sikukitikisa. Sikumpeleka mtoto akakijaribu. Sikuangalia ile meza yake ya mbele inafunguliwaje. Nilimtazama dubu. Tukarudi na pikipiki ya Deo, mimi nimekikumbatia kiti, miguu yake minne imetazama mbinguni, na kila tuliyepishana naye aligeuka.

Mama alikiona, akakizunguka mara moja, akasema "Haya," akaenda kuchambua maharage. Kwa Mama, "haya" moja ina uzito wa hotuba. Sikutaka kuisikia.

Kesho yake jumuiya ilikuja kusali rozari kwetu. Ili Anitha asipige kelele, nikamkalisha kwenye kiti chumbani, nikamlisha. Na kusema ukweli alikula vizuri. Tatizo lilikuja mwishoni, alipopiga bakuli kwa mikono yote miwili. Uji ukaingia kwenye kile kibanio cha meza, na kilipotakiwa kufunguka kikakataa. Nikavuta, nikasukuma, wapi. Nikasema basi, nitamchomoa juu.

Nikamnyanyua, na kiti kikaja naye.

Mapaja yake yalikuwa yamejaa kwenye yale matundu ya miguu kama unga kwenye kipimo. Nikamtikisa kidogo, kiti kikatikisika pamoja naye. Yeye anacheka tu, anadhani ni mchezo. Mimi jasho linanitoka. Deo yuko sebuleni na wanajumuiya, na mtu wa kutumwa sina. Nikafanya kilichobaki. Nikabeba mtoto na kiti chake, nikasimama mlangoni.

Watu kumi na kitu wamepiga magoti. Wote wakageuka, isipokuwa Mama.

Mama ndiye aliyekuwa anaongoza, na hakukatisha. Alinitazama kwa jicho moja, akaendelea na Salamu Maria, moja baada ya nyingine, mpaka kumi zikatimia, nami nimesimama pale nimebeba mtoto aliyevaa kiti, anapunga kijiko kama anabariki watu. Ndipo Mama akafanya ishara ya msalaba, akauliza kwa utulivu kabisa, "Mafuta ya alizeti yako wapi?"

Mwenyekiti wa jumuiya, mzee ambaye sijawahi kuyaona meno yake, aliyaonyesha siku hiyo. Alicheka mpaka akakaa chini. Deo akashika kiti, Mama akampaka mtoto mafuta mapajani, wakamzungusha taratibu, akatoka kama sabuni inavyoponyoka mkononi.

Wageni walipoondoka nikamwambia Mama anisamehe. Nilitegemea anicheke. Hakucheka.

"Mama Anitha, mimi kiti sikikatai," akasema. "Lakini ukirudi kazini nani atakaa naye hapa? Mimi. Na hukuniuliza."

Nilikuwa nimeuliza simu, nimeuliza duka, nimemsikiliza mpaka dubu. Mtu mwenye nyonga inayouma sikumwuliza kitu.

Jumanne tukaenda pamoja kwa fundi Venanti, seremala wa hapa kijijini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akachomoa futi yake ya utepe ili ampime mtoto. Mama akaruka mbele kama hana nyonga.

"Weka hiyo chini, Venanti! Hiyo unayopimia majeneza haimgusi mjukuu wangu!"

Fundi akajitetea kwamba anapimia na vitanda, tena vya maharusi. Haikusaidia. Mama akachana upindo wa kitenge chake, akampima Anitha mwenyewe: kiuno fundo moja, paja fundo moja, goti mpaka unyayo fundo moja. Kisha akakaa kwenye benchi la fundi, akanyoosha mkono kama ameshika kijiko, akasema, "Mdomo wa mtoto uwe hapa. Nisiiname, nisiinuke." Fundi akaweka alama ukutani kwa penseli. Halafu Mama akatoa masharti mengine. Miguu itanuke chini, hata mtoto akijirusha kisipinduke. Pawe na ubao wa kukanyagia. Mkanda upite katikati ya miguu asiteleze. Na meza ing'oke kwa mkono mmoja, ioshwe.

Mimi mwenye cheti cha ualimu nilibaki kuitikia.

Kiti kililetwa jana, cha mbao za paini, kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Si kizuri. Fundi amezoea mabenchi ya kanisa, kwa hiyo kina mgongo wa kiaskofu na uzito wa kuzuia mlango. Deo alikitikisa, hakikutikisika, akatabasamu peke yake kwa muda mrefu.

Leo mchana Mama amemlisha humo. Amekaa wima kwenye benchi, mkono umenyooka, uso hauna ile mikunjo ya maumivu. Anitha amekanyaga ubao wake, amemaliza bakuli zima, kisha akamnyooshea bibi yake mikono atolewe. Mama akang'oa meza kwa mkono mmoja, akanitazama kuhakikisha nimeona, akampakata.

Alipoinuka alisema, bila kunigeukia, "Kesho nenda kazini. Sisi tutakula."

Naamini watakula. Ninachojiuliza ni kama mimi nitafika shuleni bila kugeuza njiani nirudi kuchungulia dirishani.